Mkwe Juu ya Pikipiki

Jumatatu, 2 Septemba

Abdulshakur ameniletea daftari la jalada gumu kutoka dukani kwake. Kasema, "Mke wangu, maneno mengine yamwage humu, masikio yangu yamejaa." Haya bwana, namwaga.

Tumejiandikisha! Gereji yangu ya Kalangalala, hapa Geita, mimi Mwahija, mama Amira, fundi pikipiki mwaka wa kumi na saba huu, inapeleka timu kwenye mbio za Kishapu. Na si zile mbio za kukata upepo dakika kumi watu wakapiga makofi wakaenda kula. Ni masaa manane. Pikipiki moja, madereva wawili wanaopokezana kila baada ya masaa mawili, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri, mnazunguka njia ile ile ya udongo. Atakayezunguka mara nyingi zaidi ndiye mshindi. Siku yenyewe ni Jumamosi, tarehe 9 Novemba.

Pikipiki ninayo. Nimeiunda kwa mabaki ya tatu zilizokufa, na jina lake Mkaidi. Dereva wa kwanza ni Feisal, mtoto wa kaka yangu, bodaboda, miaka ishirini na miwili, mwendo wa mtu anayefukuzwa na nyuki. Wa pili ni Bujiku.

Bujiku ni Msukuma wa huko huko Kishapu, kakulia nyuma ya ng'ombe. Alikuja Geita kutafuta dhahabu, akakaa duarani, shimoni chini, miezi minne akichimba, akatoka na kikohozi. Nikamwajiri kuziba pancha. Mtu mwema, hana neno, lakini polepole yake jamani! Ukimtuma spana namba kumi unaweza kuswali rakaa mbili kabla hajarudi. Nimemchukua kwa sababu ndiye aliyekubali.

Jumatano, 4 Septemba

Jua. Vumbi. Karasha la jirani linasaga mawe tangu alfajiri na kichwa changu pamoja.

Jumapili, 8 Septemba

Mazoezi ya kwanza, barabara ya vumbi nje ya mji. Mzunguko mmoja Feisal kachukua dakika kumi na tisa. Bujiku ishirini na tatu! Nilisimama na saa yangu mkononi nikihisi damu inapanda.

"Bujiku," nikamwambia, "wewe unakwenda mbio au unapeleka ng'ombe josho?"

Akavua kofia ngumu, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaiweka juu ya tangi, ndipo akajibu. "Mama Amira, ng'ombe ukimkimbiza hafiki josho."

Feisal alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilicheka baadaye, jikoni, peke yangu.

Ijumaa, 13 Septemba

Leo nimemuuliza Bujiku habari za mke, maana nimechoka kumwona anakunja vinguo vya mtoto dukani kwa mume wangu kisha anavirudisha.

Mambo yenyewe ni haya. Mkewe, Limi, alikwenda kwao Kishapu mwezi wa sita kujifungua, kama wafanyavyo wengi kwa mtoto wa kwanza. Mwezi wa saba kukawa na mashindano madogo hapa, Bujiku akateleza kwenye kifusi mbele ya watu. Mtu akapiga video. Bujiku hajamaliza kujikung'uta, video imeshafika Kishapu, kwenye simu ya mama mkwe wake, Mama Bernadina. Mama akatazama mara moja akasema, "Sikuzaa mjane." Tangu siku hiyo kazuia: Limi harudi Geita mpaka pikipiki za mashindano ziachwe. Mtoto kazaliwa tarehe ishirini Agosti, wa kiume. Babake hajamwona.

"Si uende tu ukamchukue mkeo!" nikasema. "Sabuni na sukari unatuma kila wiki, wanapokea."

Alinitazama kama nimetukana. "Mama Amira, ukweni mtu haingii kama anaingia gereji. Mpaka aitwe."

Kwao mama mkwe ni mtu wa kuogopwa hasa. Mkiwa njiani unampisha, na humpiti hivi hivi bila kusimama, kushuka, kuchuchumaa na kusalimu. Sisi huku tunataniana na wakwe zetu mpaka wanatupigia kelele. Nimemhurumia, kusema kweli. Kisha nikamwambia akaze spoku za nyuma.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimefunga cheni mpya na sproketi. Joto halisemeki.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimefanya jambo, na naliandika hapa kwa sababu sina pa kulipeleka.

Simu ya Bujiku ilivunjika ile siku ya kifusi, kwa hiyo Limi hupiga kwangu. Leo kapiga Bujiku akiwa kaenda kununua oili. Sauti chini chini, nadhani alikuwa nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, Mama Amira."

"Marahaba mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Naomba umfikishie Bujiku. Mama kasema, akija kwa miguu kabla ya mbio, akatamka kwamba pikipiki basi, mimi na mtoto tunaondoka naye siku hiyo hiyo. Lakini akipanda kwenye mbio za hapa, asihesabu kwamba ana mke Kishapu. Tafadhali mwambie leo."

Nikasema nitamwambia. Bujiku akarudi na oili. Nikamtazama. Nikaona daftari la mbio limeandikwa majina mawili, na kanuni zinataka majina mawili. Nikamwambia, "Oili hii si niliyokutuma," na ilikuwa ndiyo.

Ijumaa, 27 Septemba

Sijamwambia.

Jumatatu, 30 Septemba

Sijamwambia. Kaja na mahindi ya kuchoma mawili, akanipa kubwa. Nikalila lote bila kumtazama.

Jumapili, 6 Oktoba

Abdulshakur kaniuliza kwa nini siku hizi simfokei Bujiku. Nikasema nimezeeka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kahama, sio mbali na mgodi wa Buzwagi, mbio za majaribio za masaa manne. Tulikwenda na kirikuu cha kukodi, Mkaidi nyuma kafungwa kamba, sisi watatu mbele tumebanana.

Feisal alianza. Alikuwa wa kwanza kwa saa nzima! Nilipiga vigelegele kama niko harusini, mwanamke mzima na suruali yangu ya oili. Kisha nikaanza kusikia harufu. Fundi anaijua harufu ile, klachi inaungua. Nikampungia apunguze, akadhani nampungia aongeze. Alipoingia kubadilishana, mkono wa klachi ulikuwa umelegea, hakuna kitu ndani.

Niliketi chini kabisa, kwenye mchanga. Nikasema, basi, tumekwisha, tufungeni mizigo.

Bujiku akashika mkono wa klachi, akausikiliza kwa vidole. "Bado ipo kidogo," akasema. "Ya kuondokea tu." Akaondoka akisukuma kwa mguu, akapachika gia bila kugusa klachi, akisikilizia mashine mpaka ikubali yenyewe. Masaa mawili! Hakusimama hata mara moja, maana angesimama asingeondoka tena. Mwendo ule ule, kila mzunguko sawasawa na uliopita, ungedhani kaifunga saa tumboni. Wenzetu wenye mwendo wao wakawa wanakatika mmoja mmoja, huyu pancha, huyu kaishiwa mafuta, huyu kaangukia mtaroni. Tumemaliza wa tano. Pikipiki isiyo na klachi!

Mbio ndefu si za mwenye haraka. Nimeziba pancha miaka kumi na saba, leo ndiyo nimeelewa. Na dereva wangu mzuri ni yule niliyemchukua kwa kukosa mwingine, na ndiye ninayemfanyia ubaya.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimemwambia.

Nilifunga gereji saa sita mchana, nikamkalisha kwenye kibao, nikasema yote bila kupumzika: Limi alipiga lini, alisema nini, mimi nilinyamaza siku kumi na nane. Nikasema, "Nenda leo. Kwa miguu, kwa basi, vyovyote. Mbio nitazifuta. Na ukitaka kunitukana, nitukane, mlango umefungwa, hakuna atakayesikia."

Akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Bujiku akiwa na jibu unaweza kufa ukisubiri.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Shemeji yangu Marselino alileta mbuzi mnadani Katoro, wiki ile ile. Akaniambia. Nilikuwa nakungoja wewe."

Kha! Nilitamani ardhi ipasuke. Siku zote hizo mtu ananiletea mahindi! Nililia, naandika wazi, nililia na kamasi, na mikono ina grisi nikajipaka usoni. Yeye kaenda kuniletea maji ya kunawa.

Nikamuuliza, basi kwa nini hukwenda. Alijibu polepole, kama anahesabu mifugo inaingia zizini.

"Nilikwishakuahidi wewe na Feisal. Nikiacha kwa kutishwa, mama atajua mimi ni mtu wa kuachishwa vitu. Leo ameniachisha pikipiki. Kesho mwingine ataniachisha binti yake. Ataniaminije?"

"Na usipompata tena Limi?"

Hapo sura ikambadilika. "Usiniulize hilo, Mama Amira. Silali."

Nimemweleza Abdulshakur jioni. Nilitegemea anilaumu. Kasema tu, "Huyo kijana ana adabu kuliko sisi sote, na heshima si utumwa." Kisha kakata kipande kizuri cha kitenge, kampelekea Bujiku amtumie mama mkwe.

Jumanne, 22 Oktoba

Klachi mpya imekaa. Wingu la kwanza leo, upande wa mashariki. Limepita bila kitu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mawingu tena, na radi za mbali. Bujiku anataka tung'oe madigadi ya mbele. Anasema mvua ikinyesha Kishapu ule udongo mweusi wa mbuga hunata kama ugali, unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma. Feisal kakataa katakata. Huku Geita udongo wetu mwekundu na changarawe, mvua ikinyesha tope linakurukia usoni, bila madigadi unapofuka. "Shangazi, unataka niendeshe nimefumba macho?" Halafu kaipaka madigadi ile rangi ya dhahabu kwa mkono wake, na jina la gereji juu.

Mimi nimezaliwa Geita. Nimesema ibaki.

Alhamisi, 7 Novemba

Tumefika Mhunze, huku Kishapu, tumepanga vyumba viwili. Kumekauka, ng'ombe wembamba, kila mtu anatazama juu. Msimamizi wa mbio, bwana mmoja aitwaye Maige, katutembeza njia yote. Kilomita kumi na nne. Kwenye kilomita ya tisa kuna kalavati, na mbele ya kalavati, hatua ishirini hivi, kuna nyumba ya bati jekundu na kibanda cha nyasi kando ya barabara.

Bujiku alikuwa amekaa nyuma ya kirikuu. Tulipopita pale aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Nikajua ni kwa nani.

Ijumaa, 8 Novemba

Mazoezi. Bujiku dakika ishirini na mbili kila mzunguko. Kibanda kilikuwa kitupu, Mama Bernadina alikwenda kanisani. Tumelala mapema.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika asubuhi, vidole vimevimba. Ya jana nayaandika yote.

Timu kumi na mbili. Feisal kaanza saa moja kamili, na masaa mawili ya kwanza alikwenda vizuri, sijui kama ni klachi ya Kahama ilimtia adabu. Saa tatu tulikuwa wa tatu. Bujiku akapokea.

Mzunguko wake wa kwanza, dakika ishirini na nne na nusu. Nikasema anapasha moto mashine. Wa pili, ishirini na tatu na nusu. Wa tatu hivyo hivyo. Kila mzunguko dakika moja na nusu inapotea, na mimi nimemwona juzi kwa macho yangu! Nikaanza kuwaza. Plagi? Mafuta yana maji? Kabureta? Nilipanga vipuri vyote kwenye turubai, nikashika plaizi, tayari. Timu zikatupita, moja, nyingine. Saa tano alipoingia tulikuwa wa saba.

Feisal karuka juu kaondoka. Nikamshika Bujiku koti. "Inazimika wapi?"

"Haizimiki. Naizima mwenyewe."

"UNAIZIMA?"

"Mama mkwe yuko pale kibandani, kaweka kigoda chake. Nashuka nasalimia."

"Kila mzunguko?"

"Kila mzunguko yupo."

Mdomo wangu ulifunguka kama bomba. Vikatoka vyote. Nilimwambia hizi ni mbio, si posa! Nilimwambia apite tu, avae kofia yake, mama hatamjua! Akangoja nimalize.

"Atanijua," akasema. "Na mimi nitajua."

Nikakata shambani kwa miguu, dakika kumi, mpaka kwenye kalavati. Nilikwenda kugombana, nisifiche. Mama Bernadina alikuwa kibandani kweli, mwanamke mrefu, mkavu, rozari shingoni, kitenge cha dukani kwa mume wangu kajifunga. Hapo ugomvi ukaniishia kidogo.

"Mwangaluka, mama," nikasema, Kisukuma changu chote ndicho hicho.

"Mwangaluka. Wewe ndiye fundi. Kaa."

Nikakaa. Nikamwomba, kwa adabu, asogee nyuma ya nyumba kwa masaa machache tu. Kijana anashuka kila mara, tunapoteza.

"Mimi nimekaa kwangu," akasema. "Simwambii ashuke. Mara tano amepita, mara tano ameshuka. Ya kwanza nikamuuliza habari za safari, akanijibu zote."

Kumbe ndiyo ile dakika ya ziada!

Feisal akapita wakati huo, vumbi likatufunika wote wawili. Mama akajipangusa. "Na huyu aliyepita kama mwizi ni nani?"

"Mtoto wa kaka yangu."

"Mwombee." Kisha akanigeukia. "Niliona kwenye simu mtu anaanguka na watu wanacheka. Nikasema, mwendo umemla kichwa, ataniachia binti na yatima. Nikataka nione mwenyewe, mbele ya macho yangu, akiwa juu ya hiyo mashine, atapenda nini zaidi. Basi nipo natazama. Bado sijamaliza."

Limi alitoka ndani na mtoto kifuani. Akaniamkia, macho yako barabarani. Nikampakata yule mtoto. Paji la uso la Bujiku tupu, na utulivu ule ule, ananitazama bila haraka yoyote. Nikamwambia Mama Bernadina ukweli wangu, kwamba ujumbe wake niliuficha siku kumi na nane, kwamba kosa ni langu, na kwamba kijana alijua na hakunitukana.

"Hata kwangu hajanitukana," akasema. "Na mimi nimemnyima mtoto."

Basi. Akampokea mtoto, akamrudishia Limi.

Mvua ikaja saa sita. Si mvua ya kunong'ona, ilimwagwa. Nikakimbia kurudi kituoni, nikafika nimelowa mpaka mifupa, na Feisal haonekani. Nusu saa. Saa nzima. Saa saba na dakika ishirini tukamwona, anasukuma Mkaidi kwa miguu, analia kwa hasira. Gurudumu la mbele halizunguki hata kidogo. Tope jeusi limeshindiliwa kwenye ile madigadi ya dhahabu kama saruji. Alianguka, kifundo cha mkono kimevimba. Maige akasema tumekuwa wa kumi.

"Shangazi, nisamehe. Bujiku alisema."

"Aliniambia mimi," nikamjibu. "Mkubwa ni mimi."

Bujiku alikuwa ameshapiga magoti na spana. Boliti nne, madigadi ikatupwa. Akatoa upepo kidogo kwenye matairi yote mawili, akayabonyeza kwa kidole gumba kama anayechagua papai. Hakusema "niliwaambia". Mimi ningesema mpaka Krismasi.

Akaondoka. Na ule mwendo wake, ule niliomsimanga kwa josho, ukawa ndio mwendo pekee unaokwenda. Njiani pikipiki za watu zimezama, madereva wanachokoa tope kwa vijiti. Yeye kapita pembeni kwenye nyasi, gia ya pili, taratibu, anajua mbuga inameza wapi. Tukaanza kupanda: wa tisa, wa saba, wa sita. Sikuweza kukaa. Nikamwachia Feisal saa, nikarudi kwenye kalavati.

Bujiku akaja, tope mpaka masikioni. Nikaomba kimoyomoyo, pita, pita mwanangu. Akazima mashine. Akashuka. Akachuchumaa kwenye tope lile, mvua inampiga mgongoni, akatoa salamu ya mchana ya kwao, akimwita mama.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba."

Pale pale, timu moja ya Shinyanga mjini ikachomoka nyuma yake, ikatupita ikipiga honi, na dereva anacheka.

"Huyo amekupita," akasema Mama Bernadina.

"Ndiyo, mayu."

"Haya, nenda."

Akaenda. Mama akabaki anatazama zile alama mbili za buti alizoacha akichuchumaa kwenye tope. Kisha akanigeukia kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemfanyia jambo.

"Mwambie mkwe wangu apite! Nimechoka kuitikia."

"Mama, hawezi kukupita. Unajua mwenyewe."

"Najua." Akapumua. Mvua ilikuwa inakatika. "Limi! Lete mtoto."

Akamweka mjukuu mgongoni, akamfunga kwa kanga, akaikaza kifuani. Akainua kigoda, akakigeuza kikatazama nyumba, akakaa, mgongo wake wote barabarani.

"Sasa," akasema, "mimi sipo hapa."

Sikuelewa mara moja, nisidanganye. Nilielewa Bujiku alipokuja. Alikuwa ameshaanza kupunguza, mkono uko kwenye kuzima. Akaona mgongo wa mama mkwe wake. Na mgongoni, juu ya kanga, kichwa kidogo kimejitokeza, macho wazi, kinamtazama yeye.

Mkaidi ilisimama bila kuzimwa. Bujiku miguu yote miwili chini kwenye tope, kainua kioo cha kofia, na mtu yule asiye na haraka nikamwona kifua kinapanda na kushuka kama aliyekimbia toka Geita. Hakushuka. Hakusalimu, maana mgongo hausalimiwi. Alitazama tu. Mimi mikono yote miwili nimejiziba mdomo, Limi anatokwa machozi mlangoni.

Mama Bernadina, bila kugeuka, akasema juu juu hewani, "Mbona sisikii mashine ikienda?"

Ikaenda! Na ilikwenda, jamani, sijawahi kumwona Bujiku akienda vile. Mzunguko wa mwisho alipita tena, na akapunguza tena kumtazama mtoto, na sikupima ni muda gani.

Baada ya kengele alinawa kwenye pampu ya maji, akavua buti, akaenda ukweni kwa miguu. Ameitwa sasa, na kilichomwita ni mgongo ule. Tulimfuata kwa mbali, mimi na Feisal, kwa umbea. Mama Bernadina alikuwa bado kampa barabara mgongo, mtoto keshapokelewa na Limi.

Limi akamnyooshea mtoto. Bujiku akarudisha mikono nyuma. Ilikuwa inatetemeka, masaa manne ya usukani, tope na baridi, vidole havitulii.

"Nitamwangusha," akasema.

"Mpe," akasema Mama Bernadina akitazama ukuta. "Kutetemeka kunalaza watoto. Na wewe Limi, hizo nguo umekwisha kuzifunga, au mpaka nikufungie mimi?"

Akampokea. Mikono inatikisika, mtoto anatikisika nayo, shavu linacheza. Macho yakaanza kuwa mazito. Bujiku anamtazama, hapumui, ananiuliza kwa nyusi kama ndivyo inavyotakiwa, na mimi naitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ndivyo. Mtoto akalala.

Ah, nimesahau kuandika. Tumekuwa wa nne.